Shajara ya mradi: injini ya gokati isiyotaka kuwaka wala kushika silensa

Jumamosi asubuhi: hali ilivyo

Injini ya gokati, kigari kidogo cha mbio, imeshafungwa kwenye benchi. Ni ya mipigo miwili, silinda moja, cc 100, inapozwa kwa hewa. Haina vali; pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga poti zote (matundu ya silinda), ya kuingizia mchanganyiko, za kuhamishia na ya kutolea moshi. Kabureta ni ya kiwambo, yaani ya utando mwembamba, haina bakuli wala boya. Klachi ni kavu na inajiachia yenyewe: injini ikizunguka taratibu, viatu vyake vimelala, ikipanda, vinatanuka na kushika ngoma. Hakuna kiki wala kamba ya kuvuta. Inawashwa kwa stata ya mkononi inayokaa kwenye nati ya mbele ya klachi, umeme ukitoka kwenye betri ya volti 12.

Imekaa muda mrefu bila kuendeshwa. Aliyekuwa nayo alinieleza kwamba mara ya mwisho iliwaka kwa taabu, ikawa inapanda yenyewe ikiwa silensa, yaani ikizunguka taratibu bila akselereta kushikwa, halafu ikazima na haikuwaka tena. Maneno hayo nimeyaandika kwenye karatasi na kuyabandika ukutani juu ya benchi. Sababu za injini kukataa kuwaka ni nyingi, lakini injini inayopanda bila mtu kugusa akselereta haina sababu nyingi. Hapo kuna hewa inayoingia kwa njia isiyo halali, au kuna petroli isiyofika.

Ninachotaka kiko wazi. Iwake kwa stata ya sekunde chache, ishike silensa ya mizunguko 2,000 hivi kwa dakika bila klachi kushika, na ipokee akselereta bila kusita. Mambo ya kutafuta kasi yatafuata baadaye.

Kanuni niliyojiwekea ni kwamba skrubu za kabureta haziguswi mpaka kila kitu kingine kimepimwa. Hili nalishikilia kwa nguvu zote, kwa sababu skrubu mbili za kabureta ya kiwambo zina uwezo wa kuficha ugonjwa wowote kwa dakika mbili tatu. Injini inayovuta hewa ukiifungulia petroli zaidi itatulia kidogo, nawe utaamini umeiponya. Kisha ikienda kasi kamili, pistoni inakwama. Kwenye mipigo miwili oili inasafiri ndani ya petroli. Injini inapopata petroli kidogo, imepata na oili kidogo vilevile. Ndiyo maana mchanganyiko mwembamba unaua injini hizi haraka kuliko kosa lingine lolote ninalolijua.

Nilizifunga kwanza skrubu hizo huku nikihesabu mizunguko yake, ili nijue zilikuwa wapi. Ya silensa, ile yenye alama ya L, ilikuwa imefunguliwa karibu mizunguko miwili na nusu. Ya kasi, yenye alama ya H, ilipita nusu mzunguko. Injini za aina hii kwa kawaida huanzia mzunguko mmoja na robo kwa L, na robo mzunguko au pungufu kwa H. Aliyezifungua kiasi hicho alikuwa anaihangaikia injini yenye njaa. Nimezirudisha zilikokuwa na kuandika vipimo vyote viwili kwenye ile karatasi ya ukutani.

Jumamosi mchana: moto wa plagi

Plagi niliyoikuta ilikuwa kavu kabisa, ncha yake nyeupe na elektrodi imeanza kulika. Kwa kawaida plagi ya injini iliyo sawa hutoka na rangi ya kahawia. Nyeusi na yenye maji maji ina petroli iliyozidi. Nyeupe ni upungufu. Kwa hiyo plagi na skrubu zinasema jambo moja.

Niliweka plagi mpya yenye mwanya wa milimita 0.5, nikagusisha mwili wake kwenye mapezi ya silinda, mdogo wangu akapiga stata. Cheche ilitoka ya bluu, na mlio wake unasikika. Halafu, stata ikiendelea, nikaufuata kwa vidole waya wa swichi ya kuzimia, ule unaotoka kwenye koili kwenda kwenye usukani. Nilipofika chini ya tenki moto ukakatika.

"Kaka, imekufa," akasema.

"Endelea kupiga." Nikauinua waya, moto ukarudi.

Ganda la waya limelika na shaba inagusa chasisi. Ndivyo swichi yenyewe inavyoizima injini, kwa kuugusisha waya huo kwenye chasisi, kwa hiyo mchubuko mmoja unatosha kuifanya injini iwake benchini na kuzima kwenye kona ya kwanza. Nimeweka waya mpya, nikaupitisha mbali na bomba la moshi na kuufunga kwa bendi kila baada ya shubiri moja.

Anayepima moto kwa njia hii ahakikishe plagi inagusa chuma muda wote stata inapopigwa. Umeme wa volti nyingi ukikosa pa kutokea hujitafutia njia ndani ya koili, na koili ikishatoboka humo ndani hakuna matengenezo.

Mwanya kati ya koili na sumaku za flaiwili nimeukuta milimita 0.35, uko sawa. Flaiwili niliivuta kwa pula ili nione kii yake. Kii hii ni kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia flaiwili mahali pake kwenye krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, na ikikatwa nusu tu taiming, yaani wakati wa cheche kutoka, inahama huku moto ukiendelea kuonekana mzuri. Ni nzima. Alama za taiming zilipolingana, pistoni ilikuwa milimita 2.4 chini ya kilele. Moto nimeumaliza.

Kompresheni imekuja bar 8.5, injini ikiwa ya baridi na akselereta imefunguliwa yote. Ipimwe hivyo, akselereta ikiwa wazi, la sivyo silinda inakosa hewa ya kugandamiza na kipimo kinadanganya. Kwa injini ya cc 100 iliyokaa hivi, nimeridhika.

Jumamosi jioni: kijiko kimoja

Petroli iliyokuwa tenkini imeshaoza. Harufu yake si ya petroli tena, ni ya vanishi. Nimeimwaga, nikasuuza tenki na kubadilisha mpira wa petroli pamoja na chujio. Kwenye mfuniko wa tenki kuna kitundu cha kupumulia, nacho nimekizibua. Kikiziba, tenki linajenga mvuto ndani na petroli inagoma kutoka, ugonjwa unaotafutwa kila mahali isipokuwa hapo.

Mchanganyiko mpya ni lita 5 za petroli kwa mililita 250 za oili, yaani moja kwa ishirini. Oili ni ile yenye asili ya mafuta ya mbarika. Naipenda kwa sababu inashika kwenye chuma hata joto linapokuwa kali, ila ina tabia moja ambayo kesho nitakutana nayo ndani ya kabureta, nina hakika: ikiachwa ikauke inageuka gundi.

Nimemimina kijiko kidogo cha mchanganyiko huo moja kwa moja kwenye koo la kabureta na kupiga stata. Imewaka! Sekunde mbili hivi, kelele safi, kisha kimya. Nikarudia, ikafanya vilevile. Kijiko kile kimejibu maswali mengi kwa mpigo: moto upo, taiming iko sawa, kompresheni inatosha. Injini inalishwa kwa kijiko lakini haiwezi kujilisha. Kesho ni kabureta.

Jumapili: kabureta

Leo nitaandika kwa kirefu, maana kabureta ya kiwambo hutupiwa lawama na watu ambao hawajawahi kuifungua.

Kwanza ifahamike kwa nini iko hivi ilivyo. Art Ingels alipounda gokati ya kwanza huko California mwaka 1956, alifunga injini ndogo ya West Bend, na muda si mrefu McCulloch, watengenezaji wa misumeno ya minyororo, wakaingia kwenye mchezo huu na injini zao. Msumeno unakata ukiwa umelazwa ubavu, hata kichwa chini. Kabureta yenye bakuli na boya haiwezi kazi hiyo, petroli itamwagika upande. Kiwambo hakijali umeelekea wapi, wala hakijali kona kali na mtikisiko wa chasisi isiyo na springi. Kutoka kwenye msumeno hadi kwenye gokati haikuwa safari ndefu.

Ndani yake kuna viwambo viwili. Cha kwanza ni pampu. Pistoni ikipanda na kushuka, shinikizo ndani ya chumba cha krenki linashuka na kupanda, na mapigo hayo yanafika kwenye kabureta kupitia kitundu kidogo kwenye uso inapofungwa. Yanakisukuma na kukivuta kiwambo cha kwanza, nacho kinavuta petroli kutoka tenkini. Kiwambo cha pili ndicho kipimaji. Injini inapovuta, kinajikunja kuelekea ndani, kinabonyeza mkono mdogo wa chuma, mkono unainua sindano, petroli inaingia. Mvuto ukipungua, springi inarudisha sindano mahali pake.

Nimefungua upande wa kipimaji. Kiwambo kilikuwa kimekauka kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Nilipokibonyeza kwa kidole kilitoa mlio. Kinatakiwa kuwa laini kiasi cha kutii pumzi. Chini yake kuna utando wa rangi ya asali, ile gundi ya mbarika niliyoitarajia, na sindano imeganda kwenye kiti chake.

Kabla ya kuing'oa niliipima. Nilifunga pampu ndogo ya mkono yenye geji kwenye mdomo wa kuingizia petroli na kupandisha pole pole. Sindano ya kabureta hii inapaswa kufunguka karibu na bar 0.7, ijifunge yenyewe shinikizo likishuka, na ishikilie hapo. Hii ilipita bar 1, ikapita 1.5, haitikisiki. Kwenye bar 2 ilifunguka kwa kishindo, na baada ya hapo haikuziba tena. Kwa hali hiyo hakuna mvuto wa injini ambao ungeinua sindano ile, hata ungepiga stata mpaka betri iishe.

Usafi umechukua sehemu kubwa ya siku. Kitovu cha kazi ni vile vitundu vitatu vidogo sana karibu na kipepeo, kile kibamba kinachofunguliwa na akselereta, vya silensa. Petroli yote inayotumika injini ikiwa imetulia inapita humo. Kipepeo kinapoanza kufunguka, vitundu vinavyofuata vinaingia kazini kimoja baada ya kingine, na ndivyo injini inavyotoka silensa kuelekea kasi bila kusita. Kimoja tu kikiziba, injini itawaka na kukimbia lakini haitatulia. Nimetumia dawa ya kusafishia kabureta na hewa ya kompresa, viwambo vyote vikiwa vimetolewa ili visipasuke. Waya sikuupitisha humo. Kitundu cha kiwandani kina kipimo chake, na waya unakipanua bila macho kuona.

Nimeweka vifaa vipya vyote: viwambo viwili, gasketi, sindano na springi yake. Kimo cha ule mkono wa sindano nimekipanga kwa rula iliyonyooka kufuata maelekezo ya kabureta yenyewe, maana wa zamani ulikuwa umeinama chini kiasi kwamba hata kiwambo kizima kisingeugusa vizuri. Kipimo kipya: inafunguka bar 0.7, inajifunga, inashikilia bila geji kusogea.

Kisha nikageukia upande wa injini, kwenye uso ambapo kabureta inafungwa, na hapo nikasimama. Gasketi ya zamani ilikuwa imegeuzwa. Ina matundu mawili ya bolti yanayokubali kuingia pande zote mbili, lakini kitundu cha mapigo ya krenki kiko upande mmoja tu. Ikigeuzwa, inakaa vizuri, bolti zinaingia, na kitundu kile kinafunikwa zaidi ya nusu. Pampu ya petroli ilikuwa inapumua kwa shida muda wote huo. Hata sindano ingekuwa nzima, hata kiwambo kingekuwa kipya, injini hii ingeendelea kuwa na njaa. Nimekata gasketi mpya, nikaiangalia kwenye mwanga kuhakikisha kitundu kiko wazi chote, na kuifunga.

Skrubu: L mzunguko mmoja na robo, H robo.

Jumanne jioni: imewaka, lakini

Nimeitoa nje, maana moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu na haifai kuwashwa chumbani. Nimeifunga kwenye chasisi, magurudumu ya nyuma yakiwa hewani, mkono ukiwa karibu na swichi ya kuzimia.

Nikaziba koo la kabureta kwa kiganja, stata ikapigwa mpaka petroli ikaonekana ikitembea kwenye mpira. Nikaondoa kiganja. Ikawaka.

Nilifurahi sana, sitaficha. Injini ndogo hii ina sauti kavu inayokata, na baada ya kuikodolea macho ikiwa kimya, kuisikia ni raha. Lakini furaha ilikuwa ya muda mfupi. Nikishika akselereta robo, inakimbia vizuri. Nikiachia, haishuki mara moja. Inaning'inia juu sekunde kadhaa, inashuka, inapanda yenyewe, inashuka zaidi, inakata. Nikiiwasha tena ni yaleyale. Kadiri inavyopata joto ndivyo inavyozidi.

Ni maneno yaleyale yaliyo kwenye karatasi ya ukutani. Kumbe kulikuwa na magonjwa mawili, moja juu ya jingine, na la kabureta lilikuwa la kwanza tu.

Bisibisi ilikuwa mfukoni na skrubu ya L iko hapo mbele yangu. Sikuigusa.

Jumatano: simu

Nimempigia fundi mmoja mtu mzima ambaye ameshika injini za mipigo miwili maisha yake yote.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Moto upo?"

"Upo, wa bluu."

"Kabureta umefungua?"

"Nimefungua, vifaa vipya, sindano inafunguka inavyotakiwa."

"Ukiachia akselereta inashuka?"

"Inachelewa. Halafu inapanda yenyewe, kisha inakata."

"Basi inavuta hewa, mwanangu. Weka bisibisi chini, chukua pampu. Na uanzie upande wa klachi."

Nikamwuliza kwa nini upande wa klachi. Akasema klachi kavu inatoa joto jingi pale inaposhika, na sili ya krenki, ule mpira unaozuia hewa kupita kandokando ya shafti, iko nyuma yake tu, inaokwa kila siku. Upande wa flaiwili unapata upepo.

Alhamisi jioni: kipimo cha shinikizo

Hiki ndicho kipimo ningependa kila mwenye injini ya aina hii akifanye kabla ya kununua kabureta nyingine.

Chumba cha krenki cha injini ya mipigo miwili ni sehemu ya mfumo wa petroli. Pistoni inapopanda, chini yake kunabaki mvuto, na mvuto huo ndio unaoleta mchanganyiko kutoka kwenye kabureta. Pistoni inaposhuka inaugandamiza mchanganyiko huo na kuusukuma juu kupitia poti za kuhamishia. Kwa hiyo kila kiungo cha chumba kile, sili mbili za krenki, gasketi ya chini ya silinda, mshono wa nusu mbili za bodi, kinatakiwa kuwa hakipitishi hewa kabisa. Pakivuja popote, pistoni ikipanda inavuta hewa tupu ambayo kabureta haikuihesabu.

Na hapa ndipo penye fumbo la silensa. Akselereta ikiwa wazi, kabureta inapitisha hewa nyingi sana, na uvujaji mdogo kwenye sili hauonekani mbele yake. Akselereta ikifungwa, njia ya kabureta inakuwa uwazi mwembamba pembeni mwa kipepeo, na sasa uvujaji uleule unakaribia kulingana na njia yenyewe. Mchanganyiko unakuwa mwembamba, injini inapanda, kisha unakuwa mwembamba mno kushika moto, injini inakata. Ndiyo maana inakimbia na haitulii.

Nimetoa kabureta na bomba la moshi, nikaziba poti zote mbili kwa mpira na bamba la chuma. Bamba la upande wa kabureta limefunika na kitundu cha mapigo. Pistoni nimeishusha chini kabisa ili silinda na chumba cha krenki viwe kitu kimoja. Kwenye tundu la plagi nimefunga kiungio cha pampu yenye geji. Nimepandisha hadi bar 0.5. Zaidi ya 0.7 sipendekezi, unaweza kuisukuma nje sili iliyokuwa nzima.

Geji haikukaa hata kidogo. Ilishuka hadi sifuri huku naiangalia.

Maji ya sabuni kwa brashi. Gasketi ya silinda: kimya. Mshono wa bodi: kimya. Sili ya flaiwili: mapovu mawili matatu madogo, yanakuja taratibu. Nyuma ya klachi: povu lilifura na kupasuka, likafura tena. Na nilipomulika kwa tochi nikaona kitu kilichokuwa pale muda wote, oili imetapakaa nyuma ya ngoma na vumbi limeishikilia. Sili inayovuja inavuta hewa pistoni ikipanda na kutema mchanganyiko pistoni ikishuka.

Jumamosi: sili

Kutoa klachi kunahitaji krenki ishikwe isizunguke. Nimetumia kamba laini kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa imeshapita juu ya poti zote. Kamba ikiingia poti zikiwa wazi, ukingo wa poti utaikata na vipande vitabaki ndani. Klachi iko kwenye shafti iliyochongoka, kwa hiyo imetoka kwa pula yake, si kwa nyundo.

Sili ya zamani imetoka ngumu, mdomo wake wa ndani umekakamaa na kupasuka mahali pawili. Inang'olewa kwa ncha iliyopindwa, bila kugusa shafti, maana mkwaruzo kwenye shafti utaila sili mpya. Shafti yenyewe ina mstari mwembamba pale mdomo ulipokuwa unasugua. Nimepitisha ukucha, haukwami. Nimeing'arisha kwa msasa laini sana wenye oili, nikizungusha, si kwenda na kurudi kwa urefu.

Sili mpya inaingia upande wenye springi ukitazama ndani, kwenye shinikizo. Mdomo umepakwa oili, kingo za kii zimefunikwa kwa utepe ili zisiukate wakati wa kupita. Nimeisukuma kwa bomba lenye kipenyo cha sili yenyewe mpaka ikakaa sawa pande zote. Upande wa flaiwili nimeubadilisha pia. Mapovu yalikuwa machache, lakini mpira wake ni wa umri mmoja na ule ulioniharibia wiki.

Kipimo tena: bar 0.5, geji imesimama. Kisha nikageuza pampu kuwa ya kuvuta, kwa sababu shinikizo linaukandamiza mdomo wa sili kwenye shafti na linaweza kuficha udhaifu ambao mvuto utauonyesha. Imeshikilia huko nako.

Jumapili: silensa

Iliwaka haraka. Niliishika robo ya akselereta mpaka mapezi yakapata joto, nikaachia. Ikashuka mara moja, ikatulia.

Sasa bisibisi ina kazi halali. Skrubu ya kituo cha kipepeo imeweka mwendo karibu na 2,000, klachi imelala, mnyororo haujisogezi. Nikaifunga L kidogo kidogo mpaka injini ikaanza kupanda, ndio mwanzo wa wembamba, nikairudisha nyuma mpaka ikatulia na kupokea akselereta bila kusita. Imeishia mzunguko mmoja na robo na kidogo, karibu sana na mahali pa kuanzia. Hiyo imenipa imani kuliko sauti yenyewe. Kabureta iliyo safi kwenye chumba kisichovuja haihitaji kufunguliwa mizunguko miwili na nusu.

Plagi, baada ya kuiacha ifanye kazi na kuizima, ina rangi ya kahawia.

Limebaki jambo moja. Nilipotoa bomba la moshi nilimulika poti, na upande ule wa pistoni kuna mikwaruzo myepesi ya wima. Ndipo pistoni inapoumia kwanza mchanganyiko ukiwa mwembamba, kwa sababu upande wa moshi ndio wenye joto kali. Ringi inacheza kwa uhuru ukiibonyeza kwa kijiti, na kompresheni ile ya bar 8.5 inasema bado inaziba. Hata hivyo sitaipeleka kwenye mbio kwa kubahatisha. Gasketi ya chini ya silinda na ringi mpya vimeshaagizwa. Vikifika nitanyanyua silinda, nipime mwanya wa ringi na kuangalia kama kuna aluminiamu iliyoganda kwenye ukuta wa silinda, kisha nifanye tena kipimo cha shinikizo kabla ya kabureta kurudi. Mwendo wa kwanza barabarani utaanza na H nusu mzunguko, tajiri, yaani petroli nyingi, kwa makusudi, na itafungwa hatua kwa hatua kwa kufuata rangi ya plagi.